Mara Tatu kwa Kizibo

Bogomir Hrastnik hakuwa mtu wa kushika ubao wa theluji kwa mikono michafu. Jumamosi ile, baada ya chakula cha mchana, alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, akanawa kwa maji ya moto hadi viwikoni, akanusa vidole, ndipo akaugusa ubao wa binti yake. Mkewe, Zdenka, alikuwa akimcheka sana kwa hilo. Alisema laiti mume wake angenawa hivyo kabla ya kushika mkate, nyumba nzima ingeishi miaka mia.

Ubao ulikuwa umelala chali juu ya meza, tumbo wazi, vifungio vya viatu vimeshafunguliwa na kuwekwa kando. Ukutani kulikuwa na mapipa ya kabichi chachu, na juu ya mapipa rafu ya brashi, tupa na vibao vya kukwangulia, kila kimoja mahali pake, na ole wake mtu atakayekihamisha. Sisi wa Hudi Laz, huku chini ya mlima Pohorje, tuna mafundi wa mbao hizi tele, kila nyumba na fundi wake na kila fundi na maringo yake. Lakini hata sisi tusiompenda Bogomir, na wa namna hiyo tulikuwepo, tulikubali kwamba ubao ukitoka mikononi mwake umetoka kweli.

Na kesho yake haikuwa siku ya kubahatisha. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu, na wasichana wawili wa kwanza ndio wangekwenda mashindano ya dunia ya vijana. Tinkara, binti yake, alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka jana alivunjika kifundo cha mkono wiki mbili kabla, akabaki nyumbani analia. Mwaka ujao angekuwa ameshapita umri. Kwa hiyo ilikuwa kesho au basi tena. Sasa niambie wewe, baba gani asingenawa mikono?

"Baba, hapa karibu na pua kuna mkwaruzo," Tinkara alisema.

"Nimeuona kabla hujazaliwa."

"Umeuonaje, na miwani umeiweka kichwani?"

"Mimi naona kwa vidole. Shika taa, acha umbea."

Akawasha kijiti cha plastiki kwa kiberiti, kikawaka kama mshumaa, akadondosha matone ndani ya mkwaruzo mpaka ukajaa. Akasubiri pakauke, akakwangua mpaka pakawa sawa na pengine pote. Akazipitishia kingo za chuma tupa, mkono ukivuta upande mmoja tu, kutoka puani kwenda mkiani, kisha akapitisha jiwe la kuondoa vinyweleo vya chuma. Alipozijaribu kingo kwa ukucha, ukucha ulitoa unga mweupe. Akaridhika. Ndipo akachukua nta ya bluu, ile ya theluji kavu ya baridi kali, akaigandamiza kwenye pasi. Ikadondoka matone mstari kwa mstari, naye akaisambaza kwa pasi hiyo hiyo bila kusimama mahali pamoja. Pasi ikisimama ubao unaungua, na ubao ulioungua hauna dawa.

Wakaiacha nta ipoe. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Hatuna subira, tunakwangua nta ikiwa bado na uvuguvugu, inatoka yote. Bogomir alikaa saa nzima kwenye ngazi na binti yake wakila potica, ule mkate mtamu wa kokwa, na kunywa chai, Zdenka akiwasema kutoka jikoni.

"Hiyo nta yenu inapanda na soksi mpaka huku juu. Juzi nimekula supu inateleza."

"Basi leo utakuwa na mwendo, mke wangu," Bogomir alimjibu.

Nta yenyewe ilikuwa safi, na kwa jambo hilo Bogomir alikuwa na kiburi kisichofichika. Zamani wote tulipaka nta ya florini na unga wake. Ubao uliopakwa ile ulikimbia mpaka mwenye ubao akaogopa. Baadaye ikajulikana kwamba kitu kile ni sumu, kinaingia kwenye maji na kwenye damu za watu na hakitoki, kikapigwa marufuku mashindanoni. Wengine walificha makopo yao. Bogomir hakuficha. Alibeba kila kitu mpaka jalala la sumu: makopo, pasi ya zamani, brashi zote, hata aproni yake. Akanunua vipya, na akahakikisha kijiji kizima kimejua.

Kwa hiyo mwaka jana, mashine ya kupimia florini ilipoletwa mlimani kwa mara ya kwanza, na ubao wa Anej, mtoto wa jirani yake Silvester Podlesnik, ukawasha taa nyekundu, Bogomir ndiye aliyesimama wa kwanza kwenye mkutano wa klabu. Anej alilia akisema hajapaka kitu. Bogomir akasema mbele ya watu wote, "Kijana ametuibia, na baba yake ndiye aliyemshikia mfuko." Iliandikwa barua ya kutaka kijana afungiwe, na sahihi ya kwanza ilikuwa yake. Anej akafungiwa mwaka mzima, akaondoka kijijini. Silvester akajitoa klabuni. Nyumba zao zinagawana ua mmoja, na tangu siku ile hawakusalimiana hata kwa kukohoa.

Nta ilipopoa vizuri Bogomir aliikwangua, ikatoka maganda membamba yakatapakaa sakafuni. Akapiga brashi ya shaba, akafuata na ya nailoni, tumbo la ubao likang'aa mpaka taa ikaonekana ndani yake. Mwisho akatoa kizibo. Ni kibao cha gome lile lile la kuzibia chupa za mvinyo, ukubwa wa kiganja, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Kilikuwa cha marehemu baba yake. Akakipitisha mara tatu, kutoka puani hadi mkiani, mkono wa Tinkara juu ya mkono wake, kama walivyokuwa wakifanya tangu mtoto ana miaka sita. Yeyote wa klabu aliyewahi kuingia chumba kile siku ya kuamkia mashindano alipitishiwa mara tatu. Ndiyo ilikuwa baraka ya nyumba ile.

"Mimi nimemaliza, mwanangu," akasema. "Kilichobaki ni miguu yako."

Jumapili saa tatu asubuhi mlima ulikuwa digrii sita chini ya sifuri, theluji kavu kama walivyoiomba. Kule juu, mahali viti vya kamba vinapowashusha watu, aliyekuwa akipokea mbao na kuzipanga alikuwa Silvester Podlesnik. Klabu aliiacha, lakini siku hizi ameajiriwa na wenye viti, ndiyo kazi yake. Aliupokea ubao wa Tinkara, akaugeuza, akalitazama tumbo kwa muda mrefu, akaupanga. Bogomir aliona, akakunja uso.

Kisha kijana wa mashine, ambayo huletwa mashindano haya ya mwisho tu, akauchukua ubao ule, akauweka kwenye stendi, akapitisha mashine yake sehemu tatu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

Bogomir alicheka. Alidhani ni mashine.

"Pima tena, kijana."

"Nimepima mara tatu, mzee."

"Pima ya nne. Halafu pima wa mwenzake, tuone kama hicho kidude chako hakijaganda na baridi."

Kijana hakubisha. Akapima ubao wa msichana aliyefuata, taa ikawa ya kijani. Akaurudia wa Tinkara, ikawa nyekundu hata kabla mkono haujatulia. Hapo kicheko kilimkauka Bogomir mdomoni. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamegeuka kutazama. Mmoja akauliza nyuma, "Hrastnik? Yule Bogomir Hrastnik?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa padri amekamatwa na kuku wa watu.

Tinkara alikuwa ameshavaa kofia ngumu na fulana ya namba kumi na saba. Akamgeukia baba yake.

"Baba, umepaka nini?"

Swali lile lilimchoma kuliko taa. Miaka kumi na mitatu amemwandalia mbao, hajawahi kuulizwa.

Marjeta Kos, mama mmoja mkavu aliyekuwa mkuu wa waamuzi, aliwaita kando. Hakupandisha sauti.

"Bogomir, sheria unaijua, wewe ndiye uliyekuwa ukitusomea. Ubao ukichafuliwa na mkono wa mwenyewe au wa nyumbani kwake, hashindani. Ukichafuliwa na mtu wa nje, unaandika, unataja jina, unatia sahihi. Mtoto atashuka na ubao wa akiba, na huyo uliyemtaja ataitwa mbele ya kamati. Mna nusu saa."

Akampa karatasi na kalamu. Bogomir hakufikiri hata dakika moja. Nani mwingine? Nani aliyekuwa na kisasi, nani aliyeushika ubao, nani aliyelitazama tumbo lake kama anayetafuta mahali pa kulitia kisu? Akaandika jina la Silvester Podlesnik kwa herufi kubwa, na hasira ikamtuliza kidogo, maana afadhali hasira kuliko ile hofu. Alipofika kwenye sahihi, wino ukagoma. Kalamu ilikuwa imeganda. Akaitia kwapani ndani ya koti ipate joto, akasimama hivyo, mkono mmoja umebana, anaangalia saa.

Tinkara hakuwepo. Alikuwa amelibeba boksi la vifaa vya baba yake, lile walilopanda nalo kwa dharura, akalipeleka kwa kijana wa mashine. Alitaka apime kila kitu kilichomo, watu waone jina la baba yake ni safi. Ndivyo alivyokuwa anampenda. Aliporudi uso ulikuwa mweupe.

"Pasi kijani," alisema kwa sauti ya chini. "Brashi zote kijani. Vibao, nta, kila kitu kijani." Akafungua kiganja cha glavu. Ndani kulikuwa na kizibo. "Kwa hiki taa imewaka nyekundu kabla kijana hajakigusa."

Bogomir alikitazama kizibo. Alikitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake akishuka garini na pingu. Unga wa florini haukupakwa kwa pasi peke yake. Ulisuguliwa kwa kizibo, mpaka joto la kusugua liuingize kwenye ubao. Yeye mwenyewe aliusugua kwa kizibo kile kile miaka ishirini, kila wiki ya msimu, mpaka gome likanywa likashiba. Siku ya kupeleka vitu jalalani alitupa hata aproni. Kizibo hakikumjia akilini kabisa. Hakikuwa kifaa. Kilikuwa baba yake, na baba hatupwi jalalani.

"Nani ameona?" akauliza, na akaona aibu ya swali lake papo hapo.

"Mimi na yule kijana. Amesema kazi yake ni kupima mbao, si maboksi ya watu. Hajaandika popote." Tinkara akamkabidhi kizibo. "Baba, saini."

Bogomir alidhani amesikia vibaya.

"Saini," Tinkara akarudia. "Zimebaki dakika ishirini. Ule ubao wa akiba hukuwahi kuupitishia kizibo, ulisema baraka ni ya mashindano tu. Ni safi. Silvester atakataa, watakosa ushahidi, yataisha. Mimi nikikosa leo, ndiyo imeisha. Sina mwaka mwingine, Baba. Unajua sina."

Machozi yalikuwa yameshamtoka, yanaganda kwenye kope. Huyu ni mtoto aliyewahi kurudi dukani kwa miguu, kilomita tatu, kurudisha chenji iliyozidi. Na kilichomshtua Bogomir zaidi si yeye. Ni mkono wake mwenyewe, uliokwisha kuitoa kalamu kwapani na kuijaribu pembeni mwa karatasi, na wino ukatoka vizuri kabisa.

Angesaini. Nasema hivi nikimjua, na mwenyewe baadaye hakukanusha. Lakini kabla ya kusaini aliinua macho kumtafuta Silvester, kwa sababu hata mtu anayedhulumu hupenda kujihakikishia kwamba anayemdhulumu ni mbaya. Silvester alikuwa anapokea ubao wa mvulana mmoja, mrefu mrefu, aliyevua kofia kumshukuru. Mvulana yule alisimama na ubao umemuegemea begani, kichwa upande.

Ndivyo Anej alivyokuwa anasimama. Ndivyo alivyosimama mlangoni pa chumba cha chini mwaka jana, jioni ya kuamkia mashindano, ubao begani, ameshaupaka nta mwenyewe kwa sababu baba yake alikuwa kitandani na mgongo.

"Mjomba Bogomir," alisema siku hiyo, "nipitishie na mimi. Tinkara amevunjika, baraka yake si iko bure?"

Na Bogomir alimpitishia. Mara tatu, kutoka puani hadi mkiani, akampiga piga begani, akampa kipande cha potica aondoke nacho. Siku nne baadaye akasimama kwenye mkutano akamwita mwizi.

Kalamu ilimdondoka kwenye theluji. Mwaka mzima alikuwa amelala usingizi wa mtu mwema, ameegemea haki yake kama mto, na kumbe mwizi alikuwa mkono wake. Tinkara alimshika koti akidhani anaanguka.

"Baba, vipi? Baba, kaa chini."

"Anej," Bogomir akasema. "Mwaka jana. Nilimpitishia mimi, mle chini. Ulikuwa umelala na mkono wako, hukujua. Alikuja mwenyewe kuniomba. Nikampitishia hiki."

Tinkara na Anej walijifunza kuteleza siku moja, kwenye mteremko mmoja nyuma ya kanisa, na mwaka jana kijana alipofungiwa, yeye aliacha kumjibu ujumbe kwa sababu baba yake alisema ni mwizi. Spika ikaita namba kumi mpaka ishirini zijiandae. Akasimama akisikiliza namba yake ikitajwa. Kisha akaanza kufungua kamba za fulana. Zilikuwa zimeganda, vidole vikashindwa, akazifungua kwa meno.

"Nenda kamwambie," akasema, fulana mkononi. "Nenda sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

Bogomir aliiokota kalamu, akaenda kwanza kwa Marjeta Kos. Akampa karatasi, jina la Silvester limekatwa mstari, na kizibo juu yake.

"Ni mkono wangu," akasema. "Mtoto hajui kitu. Na ubao wa Anej Podlesnik, mwaka jana, ni mkono wangu pia. Ni hiki hiki."

Marjeta alivua miwani. "Bogomir, wewe ndiye uliyeandika ile barua."

"Mimi ndiye niliyeandika. Andika na hii, kabla miguu haijaniacha."

Kutoka hapo hadi kwa Silvester ni hatua arobaini hivi. Silvester alimwona anakuja, akaushusha ubao aliokuwa nao.

"Kama umekuja na matusi, subiri saa ya chakula. Niko kazini."

Bogomir akamwambia. Alimwambia vibaya, bila mpangilio, kizibo, unga, jioni ile, mgongo wake Silvester, potica. Silvester alisikiliza ameshika ubao wa watu. Wengine wetu tuliokuwa karibu tulijiandaa kuamua ugomvi, maana Silvester ana mikono mizito. Hakuinua mkono. Alikaa juu ya kreti.

"Rudia," akasema.

Bogomir akarudia.

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Silvester akatikisa kichwa polepole, akitazama chini. "Aliniambia hajapaka kitu. Aliniapia. Nikampiga, Bogomir. Kijana wa miaka ishirini, nikampiga kofi mbele ya mama yake. Wewe ulisema nimemshikia mfuko, mimi nikajua sikumshikia, kwa hiyo nikajua ameiba peke yake. Nikamwambia asiniite baba mpaka aseme ukweli." Akauegemeza ubao kando ya kreti. "Na alikuwa ameshausema. Siku ya kwanza ileile."

"Yuko wapi?"

"Graz, ng'ambo ya mpaka. Anaosha vyombo kwenye hoteli. Krismasi hakuja. Mama yake anaongea naye, mimi sijampigia tangu aondoke."

Akavua glavu, akatoa simu, akalitafuta jina. Alipolipata akafuta kioo kwa mkono wa koti, akafuta tena. Mwisho akabonyeza, na hapo hapo akamsukumia Bogomir simu kifuani.

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia atadhani nimelewa."

Simu iliita muda mrefu. Chini kwenye mteremko jozi ya kwanza ya washindani ilikuwa imeshaachiwa, watu wanapiga kengele na kelele, na spika ikatangaza kwamba namba kumi na saba hashiriki. Tinkara alikuwa amekuja kusimama nyuma ya baba yake, fulana imekunjwa kwapani. Hakugeuka kuangalia mteremko.

Kisha ikapokelewa, na sauti ikatoka haraka, ya mtu aliyeacha kazi mikono ingali na povu, aliyeliona jina kwenye simu akashtuka.

"Baba? Baba, nani kafa?"

Silvester alilisikia swali hilo, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Bogomir akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hajafa mtu, Anej," akasema. "Ni mimi, Bogomir wa jirani. Baba yako yuko hapa. Usikate simu, mwanangu. Nakuomba, usikate."